Dhahabu ya timu, goti la mtu mmoja

Wanawake wa Korea Kusini walitwaa ubingwa wa timu wa mpira wa vinyoya katika Michezo ya Asia baada ya kusubiri miaka 29. Miezi kumi baadaye nyota wao alisimama mbele ya dunia na kuhoji namna chama chake kinavyomtendea mchezaji.

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 1 ni sikukuu ya taifa nchini China, na mwaka 2023 siku hiyo iliangukia katikati ya Michezo ya Asia. Katika Ukumbi wa Binjiang jijini Hangzhou, wenyeji walikuwa na fainali mbili za timu za mpira wa vinyoya (badminton): wanaume wao dhidi ya India, wanawake wao dhidi ya Korea Kusini.

Wanaume walishinda kwa taabu, michezo 3-2. Wanawake hawakupata hata mchezo mmoja.

Wa kwanza kuingia uwanjani kwa upande wa Korea alikuwa An Se-young, wakati huo akiwa na miaka 21 na namba moja wa dunia. Ng'ambo ya wavu alisimama Chen Yufei, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. An alimaliza kazi kwa seti mbili, 21-12 na 21-13.

Wakafuata Baek Ha-na na Lee So-hee dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan, jozi iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa dunia Agosti ya mwaka huohuo. Wakorea wakashinda 21-18, 21-14.

Mchezo wa tatu ulikuwa wa Kim Ga-eun, ambaye kwenye orodha ya ubora aliachwa mbali na mpinzani wake, He Bingjiao. Seti ya kwanza ilivutana hadi 23-21. Ya pili ikaisha 21-17, na pambano likafungwa 3-0.

Kwa Korea Kusini hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya timu ya wanawake tangu Michezo ya Asia ya Hiroshima, mwaka 1994. Picha zilizosambaa zilionyesha timu yenye furaha. Hazikuonyesha mvutano uliokuwa ukichemka chini kwa chini kati ya nyota wa kikosi hicho na chama kilichompeleka Hangzhou.

Mvutano huo ulipolipuka Agosti 2024, uliigusa serikali, wadhamini na wazazi wa wachezaji chipukizi. Swali lake ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: mchezaji akivaa jezi ya taifa, ni mambo gani ya mwili wake, viatu vyake na kipato chake yanabaki kuwa yake?

Pointi moja tu kwa nyota

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni lazima kwanza kuelewa jinsi timu inavyocheza.

Pambano la timu lina michezo mitano: mitatu ya mmoja mmoja na miwili ya wawili wawili. Hupangwa kwa kupokezana. Mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja, mpaka upande mmoja ufikishe ushindi wa tatu. Kwa hiyo kikosi huhitaji hadi wachezaji saba walio tayari kuingia uwanjani siku hiyohiyo.

Hata awe mkali kiasi gani, mchezaji wa mmoja mmoja huleta pointi moja. Mbili zilizobaki ni za wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika mashindano ya timu ukweli huo huandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Wanawake wa Korea walikuwa wamelithibitisha hilo mwaka mmoja kabla ya Hangzhou. Mei 2022 walicheza fainali ya Kombe la Uber, ubingwa wa dunia wa timu za wanawake, jijini Bangkok. Wapinzani walikuwa haohao, China.

Siku hiyo An alifungwa na Chen Yufei katika mchezo wa kwanza, seti ya tatu ikiishia 20-22. Wakorea hawakuvunjika moyo. Jozi zao mbili, Lee So-hee na Shin Seung-chan pamoja na Kim Hye-jeong na Kong Hee-yong, zilisawazisha kila walipoachwa nyuma.

Ikabaki kazi ya mwisho kwa Sim Yu-jin, jina ambalo mashabiki wengi nje ya Korea hawakulijua. Alimshinda Wang Zhiyi 28-26, 18-21, 21-8, na kombe likaenda Seoul.

> Katika fainali ya Kombe la Uber mwaka 2022 nyota alifungwa, na timu ikatwaa kombe.

Mashindano ya timu yana uzito wa pekee katika Michezo ya Asia kwa sababu Olimpiki haina kitu kama hicho. Tangu mchezo huu uingizwe rasmi kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, medali zimekuwa za mtu mmoja mmoja au jozi. Michezo ya Jumuiya ya Madola nayo, tangu mwaka 2002, hushindanisha timu za mchanganyiko wa wanawake na wanaume.

Michezo ya Asia imewapa wanawake mashindano yao ya timu tangu Jakarta 1962. Nchi zenye nguvu kubwa zaidi katika mchezo huu, yaani China, Indonesia, Japani, Korea Kusini na Thailand, ni za bara hilo. Kwa hiyo dhahabu yake hukaribia sana ubingwa wa dunia.

Ukuta wa China

Kwa muda mrefu dhahabu hiyo ilikuwa kama haki ya China. Kuanzia Bangkok 1998 hadi Incheon 2014 ilitwaliwa na Wachina mara tano mfululizo.

Japani ndiyo iliyovunja mfululizo huo Jakarta mwaka 2018, iliposhinda fainali 3-1 na kuitwaa dhahabu hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka 48.

Kwa Korea Kusini, Jakarta 2018 ilikuwa aibu. Wachezaji wake wa mpira wa vinyoya, wanawake kwa wanaume, walirudi nyumbani bila medali hata moja.

Kikosini alikuwamo msichana wa miaka 16 aliyetolewa mapema katika mashindano ya mmoja mmoja na Chen Yufei. Msichana huyo alikuwa An Se-young.

Alikuwa ameingia timu ya taifa mwishoni mwa 2017, akiwa na miaka 15, baada ya kuwashinda watu wazima kwenye mchujo. Chen alimtoa tena katika robo fainali ya Tokyo mwaka 2021, kisha akamfunga Bangkok 2022.

Mwaka 2023 mambo yaligeuka. An alitwaa ubingwa wa All England, taji ambalo Mkorea hakuwa amelipata katika upande wa wanawake mmoja mmoja tangu Bang Soo-hyun mwaka 1996. Agosti akawa bingwa wa dunia mjini Copenhagen, akimshinda Carolina Marín wa Hispania 21-12, 21-10. Hangzhou akafika akiwa ndiye anayewindwa na wote.

Goti

Siku sita baada ya dhahabu ya timu, An na Chen walikutana tena, safari hii katika fainali ya mmoja mmoja.

Seti ya kwanza ikielekea mwisho, An alishika goti lake la kulia. Akatibiwa pembeni ya uwanja, akarudi akichechemea. Mama yake, aliyekuwa jukwaani, alipaza sauti akimsihi aache.

Hakuacha. Alishinda 21-18, 17-21, 21-8. Akawa Mkorea wa kwanza kutwaa dhahabu ya mmoja mmoja ya wanawake katika Michezo ya Asia tangu Bang Soo-hyun huko Hiroshima.

Anayeujua mchezo huu hashangai kwamba kilichoumia ni goti la kulia. Anayetumia mkono wa kulia hufuata kinyoya kilichodondoshwa karibu na wavu kwa kupiga hatua ndefu ya mguu wa kulia. Mwili mzima huenda mbele kwa kasi, kisigino hugonga sakafu, na goti ndilo linalopokea breki. Sekunde hiyohiyo mchezaji hujisukuma kurudi katikati. Hatua hiyo hurudiwa mara nyingi mno katika mchezo mmoja, kinyoya chenyewe kikiwa hakifikii hata gramu sita.

Ndiyo maana kiatu katika mchezo huu ni kifaa cha kazi. Soli isiyoshika vizuri, au upana usiolingana na mguu, huanza na malengelenge. Baadaye mchezaji hubadili namna ya kukanyaga, na mzigo huhamia kwenye goti, nyonga au mgongo.

Dunia iliona tishio hilo waziwazi katika nusu fainali ya Olimpiki ya Paris, Agosti 4, 2024. Marín, bingwa wa Rio 2016, alikuwa mbele ya He Bingjiao, seti ya kwanza tayari mfukoni. Akatua vibaya, goti la kulia likamsaliti, akatoka uwanjani akilia. Magoti yake yalikuwa yameshafanyiwa upasuaji miaka ya nyuma.

Baada ya Hangzhou, An aligundulika kuwa na jeraha la kano ya goti. Vipimo vya kwanza vilimpa matumaini ya kupona kwa wiki chache za mapumziko. Vilivyofuata vilionyesha kuwa jeraha ni kubwa zaidi, na kwamba ingembidi aende Olimpiki akiishi na maumivu.

Alichosema Paris

Agosti 5, 2024 An alimshinda He Bingjiao 21-13, 21-16 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, ya kwanza kwa mwanamke wa Korea katika mmoja mmoja tangu Atlanta 1996.

Waandishi wa habari walimsubiri wakitarajia shukrani. Alisema jeraha lake lilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwamba timu ya taifa ilimvunja moyo kwa jinsi ilivyolichukulia, na kwamba ingekuwa vigumu kuendelea nayo kwa mtindo huo.

Katika siku zilizofuata malalamiko yake yalipata sura kamili. Alitaka uhuru wa kuvaa viatu visivyomuumiza. Alihoji kwa nini mtaalamu wa tiba ya viungo aliyemwamini hakuwa naye Paris. Alitaka pia ieleweke kwamba mazoezi ya mmoja mmoja hayafanani na ya wawili wawili, hivyo wachezaji wa pande hizo mbili wasipangiwe ratiba moja.

Vyombo vya habari vya Korea viliripoti jambo jingine. Kwa miaka mingi, kwa kuwa ndiye mdogo kikosini, An alibebeshwa kazi za vyumbani: usafi, kufua, hata kushughulikia nyuzi za raketi za wakubwa zilizokatika. Wazazi wake walikuwa wamelifikisha suala hilo kwenye chama kabla ya Olimpiki.

Wapo waliosema amechagua wakati mbaya, kwamba dhahabu ya taifa imegeuzwa jukwaa la manung'uniko. Mwandishi wa makala haya anaona kinyume. Mchezaji asiye na medali angesema hayohayo na hakuna ambaye angemsikiliza. An alisubiri siku ambayo isingewezekana kumpuuza, na kwa kufanya hivyo alisema pia kwa niaba ya wenzake wasio na siku kama hiyo.

> Mchezaji asiye na medali angesema hayohayo na hakuna ambaye angemsikiliza.

Chama nacho kina hoja

Chama cha Badminton cha Korea kilijibu kwa tamko refu, kikipinga madai hayo moja baada ya jingine.

Kilisema hakikumtelekeza. Alipopata tatizo kabla ya mashindano, kilimpeleka daktari wa tiba asilia hadi Ufaransa, kama alivyoomba. Kuhusu mtaalamu wa viungo, kilieleza kuwa mkataba wake ulifikia mwisho na kwamba alitakiwa kuongeza muda hadi Olimpiki, akakataa.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mdhamini wa vifaa hulipa kwa sharti kwamba timu yote itavaa na kutumia chapa yake. Fedha hizo hukatia tiketi za ndege, hulipa makocha, huwapeleka vijana kwenye mashindano ya nje na kugharimia kambi za chipukizi.

Nyota mmoja akiruhusiwa kusaini na kampuni nyingine, mdhamini mkuu atauliza analipia nini. Anaweza kupunguza dau au kuondoka kabisa. An hatakosa mkataba popote duniani. Atakayekosa tiketi ni yule msichana wa miaka 17 anayejifunza kucheza wawili wawili mkoani.

Hoja hii haifai kubezwa. Baek Ha-na, Lee So-hee na Kim Ga-eun, waliokamilisha kazi ya Hangzhou, walilelewa na mfumo huohuo. Kama mfuko wa pamoja ukikauka, miaka kumi ijayo Korea inaweza kuwa na namba moja wa dunia na isiwe na wa kumsaidia kupata pointi mbili zinazobaki.

Kanuni zilipofunguliwa

Wizara ya Utamaduni, Michezo na Utalii ya Korea ilianza uchunguzi, na Septemba 10, 2024 ikatoa matokeo ya awali. Ndipo hoja ya chama ilipoanza kuyumba.

Wizara ilibaini kuwa kati ya vyama 44 vya michezo ya Olimpiki nchini humo, ni vya badminton na gofu tu vilivyowalazimisha wachezaji kutumia vifaa vya mdhamini hata vile vinavyogusa uwezo wao moja kwa moja, kama raketi na viatu. Vyama 42 vilivyobaki vilikuwa vikiendesha timu za taifa bila sharti hilo.

Kulikuwa na kanuni ya umri pia. Mchezaji aliyeondoka timu ya taifa hakuruhusiwa kushiriki mashindano ya kimataifa kivyake mpaka awe ameitumikia kwa miaka mitano, na awe amefikisha miaka 27 kwa mwanamke au 28 kwa mwanaume. Kwa An, aliyekuwa na miaka 22, kutoka kikosini kungekuwa sawa na kujifungia nje ya dunia.

Kanuni nyingine ilimtaka mchezaji atii maelekezo ya viongozi wa timu. Wizara ilitaka iondolewe.

Jambo lililowaumiza wachezaji wengi zaidi lilikuwa hili: palikuwapo kanuni iliyotenga asilimia 20 ya fedha za udhamini kwa ajili ya wachezaji wa timu ya taifa. Ilifutwa mwaka 2021, na wengi wao hawakujua mpaka walipohojiwa na wizara.

Hapo hoja ya mfuko wa pamoja inapoteza uzito wake. Mfuko wa pamoja ni jambo jema pale wanaouchangia wanapojua kilichomo na kinavyogawanywa. Fungu la wachezaji likiondolewa kimyakimya, huwezi tena kumwambia mchezaji kwamba kiatu kinachomchubua anakivaa kwa ajili ya wenzake.

> Vyama 42 kati ya 44 vilikuwa vikiendesha timu za taifa bila sharti la kulazimisha raketi na viatu vya mdhamini.

Kipato cha klabuni nacho kilikuwa na mipaka. Wachezaji wengi wakubwa wa Korea huajiriwa na timu za kampuni. Mhitimu wa sekondari alianza na mshahara usiozidi won milioni 50 kwa mwaka, na nyongeza ya kila mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa na kikomo, haidhuru ameshinda nini. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzilinda klabu ndogo. Ilimfunga pia bingwa wa dunia.

Utii ulipowaponza wanane

Wanaotetea utii wa mchezaji wa taifa wanapaswa kukumbuka London 2012.

Katika hatua ya makundi ya Olimpiki ile, jozi nne za wanawake zilionekana zikipiga vinyoya nje na kwenye wavu makusudi. Kila moja ilitaka kufungwa ili ipangiwe mpinzani rahisi katika robo fainali. Mbili zilikuwa za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia. Watazamaji walizomea, mwamuzi akaonya, na siku iliyofuata wachezaji wote wanane wakafukuzwa mashindanoni.

Kocha mkuu wa China aliomba radhi hadharani. Lakini waliopoteza Olimpiki yao mbele ya macho ya dunia walikuwa wanawake wenye raketi mkononi.

Mmoja wao, Greysia Polii wa Indonesia, alisubiri miaka tisa. Agosti 2021, akiwa na Apriyani Rahayu, alitwaa dhahabu ya Tokyo. Wengi wa wale wengine hawakupata nafasi ya pili ya namna hiyo.

Mchezaji aliyezoeshwa kutii bila kuuliza atatii hata pale asipopaswa. Timu yenye afya humpa sauti ya kusema hapana: hapana kwa kufungwa makusudi, hapana kwa kuingia uwanjani na kano iliyochanika. Sauti hiyo ni kinga ya timu yenyewe.

Mlango ulipofunguka

Januari 2025 chama cha Korea kilifanya uchaguzi. Rais aliyekuwa madarakani aliangushwa, na nafasi ikaenda kwa Kim Dong-moon, bingwa wa Olimpiki wa jozi za mchanganyiko mwaka 1996 na wa wanaume wawili wawili mwaka 2004. Mtu huyo anajua raketi inavyomkaa mchezaji mkononi.

Chini ya uongozi mpya masharti ya vifaa yalilegezwa, na wachezaji wakafunguliwa njia ya kuwa na mikataba yao binafsi. An alibaki timu ya taifa. Yale yaliyotabiriwa, kwamba uhuru wa mmoja utakiua kikosi, hayakutokea: Mei 2025 Korea ilifika fainali ya Kombe la Sudirman, mashindano ya dunia ya timu za mchanganyiko, ikafungwa na China 3-1.

Bado kazi ipo. Kanuni kwenye karatasi ni jambo moja, na maisha ya kambini ni jambo jingine. Msichana anayeingia leo timu ya taifa akiwa na miaka 15 anahitaji kujua kwamba hatafua nguo za mtu, na kwamba akisema goti linauma ataaminiwa.

Somo kwa timu changa

Suala hili haliishii Asia. Aprili 2024 wanawake wa Uganda walicheza Kombe la Uber mjini Chengdu, China, wakiiwakilisha Afrika. Walipangwa kundi moja na Japani, Indonesia na Hong Kong, wakapoteza mapambano yote matatu. Kufika huko kwenyewe ilikuwa hatua kubwa kwa mchezo ambao Afrika Mashariki bado unachezwa na wachache.

Chama kichanga hakina mdhamini wa mamilioni, na mara nyingi hushukuru kwa jozi yoyote ya viatu inayotolewa. Lakini wakati mzuri wa kuandika kanuni za haki ni sasa, kabla fedha hazijaingia. Fedha zikishaingia, kila kifungu kina mwenye kukitetea.

Kanuni hizo si nyingi. Viatu na raketi achague mchezaji. Jezi ibaki ya mdhamini. Daktari anayeamua kama mchezaji aingie uwanjani asiwe mtu anayeajiriwa au kufukuzwa na kocha. Fedha za udhamini zitangazwe, na fungu la wachezaji, wakiwamo wa jozi na wa akiba, liandikwe kwenye mkataba ambao kila mmoja ameusoma. Anayetaka kuondoka timu ya taifa aondoke bila kufungiwa dunia.

Na nyota naye atoe. Sehemu ya thamani yake imejengwa na kambi, makocha na wenzake waliomrushia vinyoya asubuhi na jioni tangu akiwa mtoto. Mchango wa asilimia fulani ya mkataba wake binafsi kwa mfuko wa chipukizi, uliokubaliwa mezani na kuwekwa wazi, ungeondoa hofu kubwa ya vyama bila kumvisha mtu viatu vya kumuumiza.

Michezo ya Asia ijayo imepangwa kufanyika Aichi na Nagoya, Japani, Septemba na Oktoba 2026. China inataka kurudisha taji ambalo haijalitwaa tangu 2014. Japani itakuwa nyumbani. Korea inatetea.

Atakayeitwa kucheza mchezo wa kwanza, wa pili au wa tano, kwa nchi yoyote, anastahili kuingia ukumbini akijua nani anaamua kuhusu jeraha lake, analipwa nini, na afanye nini akionewa. Chama kikishindwa kumjibu hayo kabla ya kumkabidhi jezi, hakijatimiza wajibu wake, hata akikirudishia dhahabu.